Kazi ya Ndizeye, Jina la Evarista

Saa moja kasoro robo asubuhi, mjini Ngara. Mlinzi anaivuta kamba ya jenereta mara ya nne ndipo inakubali, na nyuma ya ukuta wa mbao mashine moja kubwa ya kijivu inaanza kuvuma. Evarista Anastazi amesimama mbele yake na kikombe cha chai ya rangi mkononi. Hanywi. Anasubiri taa tatu za kijani ziwake.

Zinawaka. Anaketi, anaandika neno lake la siri kwa vidole vyote kumi bila kuangalia chini, na kwenye kioo yanajipanga majina ya watu wote wanaoruhusiwa kuutumia mtandao wa kompyuta wa shirika hili linalohudumia wakimbizi. Mwaka jana yalikuwa sitini na manne. Leo, wiki ya mwisho ya Mei 2008, yamebaki kumi na manane. Kambi inafungwa, Warundi wanarejea kwao, na kazi ya Evarista siku hizi ni kuwafungia milango wafanyakazi wenzake, mmoja baada ya mwingine, kila mkataba unapokwisha.

Wa kwanza kupiga hodi ni Kazimili, mtunza ghala, Msukuma mwenye mji wake Nyakahura. Evarista anamwamkia shikamoo, mzee anaitikia marahaba, kisha anatoa shida yake bila aibu. Amekosea neno la siri mara tatu, kompyuta imemfungia nje.

Si mara ya kwanza. Sheria ya ofisi inataka kila mtu abadilishe neno lake la siri kila mwezi, na Kazimili aliimaliza kazi hiyo zamani kwa kutumia majina ya ng'ombe wake. Ng'ombe wake ni kumi na mmoja. Kila Desemba huja kuuliza afanyeje, na miezi mingine husahau tu yuko kwa ng'ombe yupi. Evarista anamfungulia. Mzee anashukuru na kwenda zake, na ofisi nzima inajua kwamba kesho atarudi.

Ukimwona hivi, na miwani yake na sauti ya taratibu, utasema mwanamke huyu hana neno na mtu. Analo. Amelibeba miaka minne, na alipokubali kuzungumza na gazeti hili alitoa sharti moja, kwamba liandikwe lote, si robo.

Evarista ana miaka thelathini na miwili. Alizaliwa Kibimba, mama Mhangaza, baba Mrundi aliyeuvuka Mto Ruvubu mwaka 1972 akiwa kijana wa miaka kumi na minane, akapata shamba, mke na baadaye uraia. Evarista alisoma hadi kidato cha nne, akajifunza kupiga chapa Bukoba, na mwaka 1998 akaajiriwa hapa kuwa karani.

Kompyuta za ofisi zilipounganishwa mwaka 2002, mkuu wa ofisi, Bwana Mashimba, alihitaji mtu wa kuzisimamia. Wanaume walioulizwa walikimbia. Evarista akapelekwa Mwanza wiki mbili, akarudi na daftari lililojaa na cheo cha msimamizi wa mtandao. Mshahara ukapanda hadi shilingi laki tatu na arobaini elfu kwa mwezi, fedha ambayo mumewe, mwalimu Desderius, hakuwa ameiona kwenye bahasha yake hata siku moja.

Kazi yenyewe anaieleza kwa mkato. Mtu akiajiriwa, anamfungulia akaunti kwa jina lake. Halafu anaamua mtu huyo aone nini. Wa ghala aone ya ghala. Muuguzi aone ya wagonjwa. Orodha ya familia za kambini, ambayo ndiyo inayosema nani anapata unga na maharage kiasi gani, wanaruhusiwa kuigusa makarani wanne tu, mbali na msimamizi mwenyewe. Na kila anayegusa kitu, mashine inaandika jina lake na saa.

Adui wake wa kwanza alikuwa ukarimu. Watu wa huku hawajui kunyimana. Jirani akija kuomba kaa la moto unampa, akiomba chumvi unampa, na mwenzako wa meza ya pili akikuomba neno lako la siri, unaanzaje kumwambia hapana? Utaonekana una roho mbaya. Kwa hiyo waliazimana. Dereva aliingia kwa jina la muuguzi, muuguzi kwa jina la mhasibu, na maneno ya siri yalibandikwa ukutani kando ya kalenda ili mgeni asihangaike.

Evarista alipita meza hadi meza akiyabandua. Aliitisha kikao. Aliandika tangazo kwa herufi kubwa kwamba neno la siri haliazimwi, na atakayeliazima atafungiwa wiki nzima. Wiki ya kwanza alimfungia Bwana Mashimba mwenyewe. Tangu siku hiyo wakamheshimu.

Na heshima ilimkaa vizuri, hafichi. Asubuhi walipanga foleni mlangoni kwake. Mtu akitaka kitu alianza kwa kumuuliza habari za nyumbani. Wenye vyeo vikubwa walisimama mbele ya meza yake na kofia mkononi. "Nilikuwa mimi tu," anasema. "Hapakuwa na mwingine. Hicho kitu kinalevya, usione."

Halafu, Agosti 2004, mashine kubwa ikazima.

Ilizima Jumatatu. Evarista alifungua daftari lake la Mwanza ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, mara mbili. Jumanne ikapita. Fundi wa Mwanza alisema atafika Ijumaa, magari yakiruhusu. Jumatano mchana walikuwapo wakimbizi wanne waliokuja kupakua samani, na mmoja wao, mwanamume mwembamba wa miaka arobaini hivi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alisimama mlangoni na kiti begani akiitazama ile mashine. Akauliza kwa upole, kwa Kiswahili chake cha Bujumbura, kama anaweza kuijaribu.

Aliitwa Ndizeye. Kabla ya vita alikuwa fundi wa kompyuta katika benki moja huko kwao. Dakika arobaini baadaye taa tatu za kijani ziliwaka, na Bwana Mashimba akapiga makofi.

"Wote walipiga makofi," anakumbuka Evarista. "Na mimi nilipiga. Lakini moyoni nilitamani izime tena."

Mashimba hakutaka mtu kama huyo arudi kubeba viti. Tatizo ni kwamba kanuni za shirika zilikataza mkimbizi kupewa akaunti. Angeweza kulipwa posho ya shilingi elfu ishirini kwa mwezi kama wenzake wa kambini, lakini jina lake lisingeweza kuingia kwenye mtandao. Mkuu akapata njia ya mkato: Ndizeye afunguliwe kila siku kwa jina la Evarista.

Hivyo ndivyo mwanamke aliyewafungia watu wiki nzima kwa kuazimana alivyoanza kuazima. Kila siku saa moja kamili aliandika neno lake la siri, na Ndizeye alisimama kando amegeuzia uso ukutani mpaka amalize. Hakuambiwa ageuke. Aligeuka mwenyewe, kwa adabu, kila siku, kwa miaka mitatu. Kisha aliketi na kufanya kazi, na kila alichokifanya mashine ilikiandika: Evarista, Evarista, Evarista.

Mtu angedhani anayeumia hapo ni Ndizeye. Wapi. Aliyeumia ni mwenye jina.

Maana foleni ilihama. Wale waliokuwa wakiuliza habari za nyumbani sasa walichungulia mlangoni, wakimwona yuko peke yake wanasema watarudi. Walimtaka Ndizeye. Evarista alianza kuhesabu. Siku moja ya Machi 2005 watu kumi na wanne walimtafuta Ndizeye, na waliomtafuta yeye walikuwa watatu, mmoja wao akiuliza Ndizeye ameenda wapi.

"Nilihesabu kwa vijiti kwenye karatasi," anasema. "Mtu mzima, mama wa watoto wawili, nachora vijiti."

Kama yule bwana angekuwa na maringo, pengine angepumua. Hakuwa nayo. Alimwita "shefu", kama wanavyoita wakubwa wao kwao, na akisifiwa alimnyooshea kidole Evarista: ni kazi ya shefu. Kila alipoitwa hivyo mbele za watu, Evarista alihisi kama anachekwa. Hakuwa anachekwa, anakiri, na hilo ndilo lililozidi kumchoma.

Baba yake alikuja kumtembelea ofisini kutoka Kibimba na kuku wa zawadi. Alimkuta Ndizeye, wakaanza Kirundi. Kumbe kijiji cha mzee na kijiji cha mama yake Ndizeye viko kwenye kilima kimoja. Waliongea nusu siku, wakicheka mpaka mzee akajifuta machozi. Alipoondoka alisahau kumuaga binti yake, akarudi kutoka njiani. Kuku alimwachia Ndizeye.

"Hata baba," anasema Evarista. Miaka mitatu imepita na bado anakisema hicho kisa amekaza midomo. Anajua pia kitu kingine, anakisema kwa sauti ya chini zaidi. Baba yake na Ndizeye walivuka mto uleule. Tofauti ni miaka, na kwa sababu ya miaka hiyo yeye anaandika neno la siri na mwenzake anageukia ukuta.

Nyumbani mambo hayakuwa nafuu. Kila walipoketi kula alikuwa na la kusema kuhusu Ndizeye: Ndizeye kafanya hivi, Ndizeye anajiona hivi. Desderius alivumilia miezi, mwisho akashikwa na wivu wake mwenyewe. Aliuliza huyo Ndizeye ni nani humu nyumbani, hata asipite mlo bila kutajwa. Jumamosi moja alipanda baiskeli hadi ofisini kwenda kumwona. Aliona mzee mwembamba mwenye uzi kwenye miwani, akamsalimia, akarudi nyumbani amepoa. Evarista hakupoa.

Mwaka 2006 Ndizeye aliupanga upya mtandao wote. Mpaka hapo kila mtu alipewa ruhusa zake peke yake, na mtu akihamishwa kazi Evarista alikesha akizibadilisha. Ndizeye aliwaweka watu katika makundi: kundi la ghala, kundi la afya, kundi la orodha ya familia. Mtu akihama, unamtoa kundi hili unamtia lile, basi. Kazi ya siku mbili ikawa ya dakika mbili.

Makao makuu Dar es Salaam walifurahi mno. Walitazama kwenye mashine nani amefanya, wakaona Evarista. Ikaja barua ya pongezi, ikaja hati ya kutundika ukutani, ikaja safari ya mafunzo ya wiki tatu Arusha.

Alikwenda? Alikwenda. Alishona na gauni. Huko Arusha mwalimu alimwomba awaeleze wenzake jinsi yale makundi yanavyofanya kazi. Alieleza alichokijua, kikaisha upesi. Aliulizwa maswali mawili akayakwepa yote mawili, akaketi amelowa jasho. Ndani ya basi la kurudi, kutoka Lusahunga mpaka Ngara, alimlaani Ndizeye kimoyomoyo kwa kujua kitu ambacho yeye alipewa hati kwa kukijua.

"Sikiliza wivu ulivyo hauna akili," anamwambia mwandishi. "Sifa zake nilikuwa nazo mimi. Zote. Mtu alikuwa hana hata jina, na bado namwonea wivu."

Machi 2007 kanuni ililegezwa. Mkimbizi mwenye ujuzi angeweza kupewa akaunti kwa jina lake mwenyewe, yenye mipaka, mradi msimamizi wa mtandao atie saini. Fomu ilifika mezani kwa Evarista ikiwa imejazwa kila kitu. Ilibaki saini. Aliitia kwenye droo. Mashimba alipouliza alijibiwa kwamba inafanyiwa kazi. Ilifanyiwa kazi miezi saba, humo humo kwenye droo.

Na Oktoba ndipo alipofanya alilolifanya.

Ilikuwa siku moja kabla ya mgawo wa chakula kambini. Desturi ilikuwa kwamba saa moja asubuhi Ndizeye anaifungua orodha ya familia, anaichapa, na gari linaipeleka kambini kabla foleni haijawa ndefu. Mara nyingi Mashimba husimama hapo akitazama. Evarista alitaka Ndizeye aikose orodha mbele ya mkuu. Mara moja tu. Ahangaike, alowe jasho, ndipo yeye aingie na akaunti kuu ambayo ni yeye pekee aliyejua neno lake la siri, aifungue kwa dakika moja, na watu waone nani ni nani.

Siku hiyo, saa tano na dakika ishirini asubuhi, Ndizeye akiwa kambini kuwatafsiria makarani, Evarista aliingia kwenye orodha kwa jina lake la kila siku, lile analomfungulia Ndizeye, akaweka zuio.

Alikosea mahali. Badala ya kulizuia jina hilo moja, alilizuia kundi. Na katika makundi yale ya Ndizeye, ambayo yeye alipewa hati kwa kuyabuni, zuio hushinda ruhusa zote. Ndani ya kundi hilo walikuwamo makarani wote wanne wa orodha, na yeye mwenyewe, na akaunti kuu.

Asubuhi ikafika. Evarista alimfungulia Ndizeye kama kawaida, akatoka. Ndizeye alijaribu, mashine ikamwambia haruhusiwi. Makarani wakajaribu, hawaruhusiwi. Evarista aliingia kwa mwendo wa kujiamini, akaandika neno la akaunti kuu, akabonyeza. Haruhusiwi.

"Nilibonyeza tena, na tena," anasema. "Sikujua nimefanya nini. Na aliyejua alikuwa amesimama nyuma yangu, na sikuweza kumuuliza, kwa sababu nikimuuliza nitakuwa nimesema."

Alihangaika saa mbili na nusu, akimwambia kila mtu asogee. Dereva alikuwa anapiga honi. Kambini watu walikuwa wamejipanga na magunia tangu alfajiri. Saa tatu na nusu Mashimba alimwamuru ainuke, akamwambia Ndizeye aketi.

Ndizeye alilifuta zuio la kundi na kuifungua kwa dakika kumi na mbili. Evarista alikuwa karibu naye, akamwona akisoma mahali mashine ilipoandika jina na saa ya aliyeweka zuio. Alisoma, akaendelea na kazi. Orodha ilifika kambini saa tano, mvua ikafika saa sita. Kati ya familia elfu mbili na mia tatu zilizotakiwa kupata chakula siku hiyo, zilizopata hazikufika elfu moja. Waliobaki walirudi vibandani na magunia matupu, wamelowa, waje kesho. Mmoja wao alikuwa Akimana, mke wa Ndizeye, na watoto wawili.

Jioni Mashimba aliwaita. Aliuliza nani ameigusa orodha jana. Akaisoma mwenyewe kwenye kioo: Evarista, saa tano na dakika ishirini.

Hakumtazama Evarista hata kidogo. Alimgeukia Ndizeye. Kila mtu ofisini alijua ni nani anayetumia jina lile. Miaka mitatu ya kazi nzuri ilikuwa ya Evarista kwa sababu jina ni lake, na kosa moja likawa la Ndizeye kwa sababu jina hilo anaazimwa yeye.

"Ni mimi, mkubwa," alisema Ndizeye. "Nilikosea."

Evarista alikuwa na nafasi ya kusema. Anaipima mpaka leo nafasi hiyo, anasema ilikuwa ndefu, ingetosha kusema mara tatu. Hakusema. Siku iliyofuata Ndizeye aliondolewa ofisini, akapelekwa ghalani kubeba magunia chini ya Kazimili.

Foleni ikarudi mlangoni kwa Evarista, sawasawa na alivyotaka. Watu waliuliza habari za nyumbani. Walileta shida zao, na shida nyingi zilimshinda, wakaondoka nazo. Mwezi wa pili tangu hapo Kazimili, alipokuja na habari za ng'ombe wake, alimsifu yule Mrundi aliyepelekewa. Amepanga magunia kwa namna ambayo kuhesabu ghala zima sasa ni kazi ya asubuhi moja, badala ya siku mbili. Wapagazi wamempenda. Wanamwita shefu.

"Hata kwenye magunia," anasema Evarista, na safari hii anacheka kidogo, kicheko kisichofika mbali.

Alinyamaza miezi mitano. Ukuta wa ofisi yake na ya mkuu ni wa mbao nyembamba, na Machi mwaka huu alimsikia Ndizeye akiingia kwa Mashimba. Amejiandikisha kurejea Burundi, alisema. Ndugu wa mkewe amempatia nafasi katika kampuni ya simu Bujumbura, ila wanataka barua inayoonyesha amefanya kazi gani miaka yote hii. Bila barua hiyo nafasi itakwenda kwa mwingine. Yeye ataanza upya, kwa umri wa miaka arobaini na minne, kwa jembe ambalo hajawahi kulishika.

Mashimba alimjibu kwa huruma, lakini alimjibu. Aandike nini? Kwamba alibeba magunia, na kabla ya hapo aliharibu mgawo? Kila karatasi ya mtandao ina jina la Evarista. Barua ya makao makuu ina jina la Evarista. Hawezi kuandika kitu ambacho hakipo.

Evarista hakumwonea huruma. Ameomba hilo liandikwe. "Nilichosikia kwanza ni kazi ya Bujumbura. Kampuni ya simu. Nikasema moyoni, hata huko atanizidi. Huruma ilikuja baadaye, nikiwa nimeshachukia vya kutosha."

Ilikuja siku ya tatu, tena bila kishindo. Alikuwa anachapa orodha ya wanaorejea, akakuta jina la Ndizeye, mke, watoto wawili, na kwenye safu ya kazi karani fulani ameandika: kibarua. Alilitazama neno hilo akijua kwamba limeandikwa na mtu mwingine lakini ni la kwake. Aliinuka, akaingia kwa Mashimba bila kupiga hodi, akasema yote akiwa amesimama. Zuio la Oktoba. Fomu ya kwenye droo. Makundi, hati, Arusha.

Mkuu alifoka kuhusu watu waliolowa mvua mpaka makarani wakatoka nje. Alipomaliza kufoka alikumbuka kwamba aliyeamuru watu wawili watumie jina moja ni yeye, akashusha sauti.

Evarista alikwenda ghalani mwenyewe. Alimkuta Ndizeye ameketi juu ya magunia, akamwambia. Yule bwana alitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari ya juzi. Alijua tangu asubuhi ile. Saa tano na dakika ishirini yeye alikuwa kambini na watu kumi walimwona. Evarista aliuliza kwa nini basi alikubali kosa.

"Ningekataa nani angeniamini, shefu?" alisema. "Ningeondoka na kosa, na uongo juu yake."

Alipoulizwa na mwandishi kama amemsamehe, Ndizeye alisema ana mizigo ya kufunga. Lori la kuwapeleka mpakani ni Alhamisi.

Kazimili alikuwa amesikia yote kutoka nyuma ya mizani. Alimsubiri Evarista mlangoni. "Mwanangu," alimwambia, "ulinipa mtu mzuri kwa sababu mbaya." Hakumsalimia tena kwa wiki tatu, na mzee wa Kisukuma akikunyima salamu utaujua uzito wake.

Adhabu ilikuja kwa barua. Ile hati ilishushwa ukutani ikarudishwa Dar es Salaam. Nafasi ya kuhamia ofisi ya Kibondo, aliyoahidiwa kambi ikifungwa, alipewa mwingine. Mkataba wake unakwisha Juni 30 kama wa kila mtu.

Fomu ilitolewa kwenye droo, akaitia saini. Ndizeye akapata akaunti kwa jina lake, miezi miwili kabla ya kuondoka, na akarudishwa kwenye kiti chake. Barua ya utumishi Mashimba aliisema kwa mdomo, kwa kuwa yeye huchapa kwa kidole kimoja, na aliyeichapa ni Evarista. Ilibidi aandike kwa vidole vyake mwenyewe kwamba kazi yote ya mtandao kuanzia Agosti 2004 hadi Oktoba 2007, inayoonekana kwa jina la Evarista Anastazi, ilifanywa na Ndizeye. Alifika kwenye maneno "fundi bingwa". Akalifuta "bingwa". Akalirudisha. Akalifuta tena, akaweka "hodari".

Mkuu aliisoma, akamtazama juu ya miwani, akauliza bingwa ameenda wapi. Evarista alilirudisha.

Sasa anafunga akaunti zilizobaki na kupanga maisha ya Julai. Amepata chumba cha kupanga Lusahunga, njia panda, mahali malori ya mpaka wa Rusumo yanapolala. Ana kompyuta mbili alizonunua kwenye mnada wa ofisi. Atachapa barua na hati za mizigo za madereva, na mchana atafundisha kompyuta. Vijana watano wamekwisha kujiandikisha, wawili watoto wa Warundi waliobaki, mmoja binti wa wafugaji kutoka Nyakahura ambaye, anasema, ana kichwa chepesi kupita kiasi. Anavyolisema hilo huwezi kujua kama anasifu au analalamika.

Kuhusu Ndizeye anasema anamtakia mema. Afike salama, apate ile kazi, watoto wasome. Anapangusa kibodi kwa upindo wa kitenge. "Ila asiniandikie kuniambia mambo yamemnyookea. Aende tu. Bado sijafika huko."

Na huyo binti wa Nyakahura, je, akimzidi mwalimu wake?

Evarista anageuza kichwa. Mlangoni wamesimama wawili wanasubiri, wote wanamsubiri Ndizeye.

"Nitaumia," anasema. "Najijua, nitaumia sana. Lakini siku ya kwanza atakayoingia darasani nitamfungulia kwa jina lake."